Hatimiliki na Ubao Ukutani: Unafiki wa Kidini katika Nitaolewa Nikipenda

Ni rahisi kuisoma Nitaolewa Nikipenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii iliyoigizwa kwa Kigikuyu huko Kamirithu, Limuru, mwaka 1977 na kupigwa marufuku mwaka huo huo, kama shambulio dhidi ya Ukristo. Usomaji huo una msingi, kwani Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, huiona dini kuwa kitu cha kumlevya mnyonge. Hata hivyo, kauli ya mhusika mmoja si lazima iwe hukumu ya kazi nzima. Tunadai hapa kwamba mnafiki katika tamthilia hii anahukumiwa kwa mizani ya Biblia yenyewe.

Dai hili linaanzia kwenye majina. Tajiri Kioi anaitwa Ahabu na mkewe Yezebeli. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, Mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Yezebeli hatumi askari kulinyakua. Anatangaza mfungo, na katika kusanyiko hilo Nabothi anasingiziwa na kuhukumiwa kifo. Ibada ndiyo inayokuwa chombo cha wizi.

Katika tamthilia, mahali pa mfungo panachukuliwa na arusi. Kioi na wenzake wanawaambia Kiguunda na Wangeci kwamba wanaishi katika dhambi kwa kuwa hawakufunga ndoa kanisani. Ili kugharamia arusi hiyo, Kiguunda anaweka rehani hatimiliki ya ekari yake moja na nusu. Tuzingatie kwamba Kioi hapotoshi aya yoyote. Mafundisho yake juu ya ndoa yangeweza kutolewa na mhubiri mwadilifu kabisa. Unafiki wake umo katika asilolisema, yaani haja ya kundi lake la wafanyabiashara kupata ardhi ya kujengea kiwanda cha dawa ya wadudu. Kwa hiyo ukweli wa imani haupimwi kwa usahihi wa maneno pekee. Hupimwa pia kwa kuuliza ni nani atakayefaidika maneno hayo yakiaminiwa.

Maelekezo ya jukwaani yanalikamilisha wazo hili. Mwanzoni hatimiliki imetundikwa ukutani kwa Kiguunda. Baadaye, mahali pale pale, unatundikwa ubao unaomtangaza Kristo kuwa mkuu wa nyumba, sawa na ule wa kwa Kioi. Kinaya hiki hakimlengi Kristo. Kinawalenga waliolitumia jina lake kufunika pengo walilolichimba wenyewe.

Udhaifu wa kazi hii umo katika usawiri. Kioi ni mhusika bapa, asiyeonyeshwa akisutwa na dhamiri wala akijidanganya. Mtu wa namna hiyo ni laghai tu, na ni rahisi kwa hadhira kumcheka na kurudi nyumbani salama. Mnafiki wa hatari zaidi ni yule anayeyaamini mahubiri yake mwenyewe, na huyo hatumwoni. Joshua wa The River Between (1965), anayemkana binti yake Muthoni kwa imani isiyo na hila, anatukumbusha kwamba hata unyofu, ukikosa huruma, waweza kuua. Baina ya Kioi mwenye hila na Joshua mwenye unyofu mkavu ndipo aliposimama muumini wa kawaida, na fasihi yetu bado ina deni la kumsawiri.