Shairi na Sauti Yake
Mwaka 1980 Maria Mazziotti Gillan alianzisha kituo cha ushairi katika Passaic County Community College, mjini Paterson, Marekani, mji uliompa William Carlos Williams jina la shairi lake refu (1946–1958). Humo washairi huwasomea wasikilizaji tungo zao. Jambo hili si geni kwetu: tungo za Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, zilihifadhiwa vifuani mwa watu wa Mombasa kabla ya kuandikwa. Hata hivyo, kusoma si kughani. Msomaji wa shairi huru hutegemea pumzi yake. Malenga huongozwa na bahari na mahadhi. Basi yashangaza kwamba sisi wenye mahadhi ndio tunaomtahini mwanafunzi kwa kumhesabisha mizani, shairi likiwa bubu karatasini. Idara zetu na zimtahini kwa sikio pia.