Ungo Juu ya Paa

Mtu anayeshuka kwenye pantoni pale Kivukoni, akafuata njia ya Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, akiinua macho hana budi kuona jambo moja: mapaa ya nyumba, za ghorofa na za kawaida, yamejaa vyombo vya mviringo vya kupokelea matangazo ya setilaiti. Wenye maduka huviita madishi. Wengi wetu twaviita nyungo, na jina hili la pili lina utamu wake. Wazee walitusimulia kuwa wachawi husafiri usiku kwa ungo. Siku hizi ungo umetulia juu ya paa, na dunia ndiyo inayousafiria. Kwa kuwa jiji hili li karibu na ikweta, ambayo juu yake setilaiti za matangazo zimewekwa umbali wa kilomita 36,000 hivi, baadhi ya nyungo hizo hutazama juu kana kwamba zimeanikwa. Lakini ungo wa jikoni hupepeta, ukatenga mchele na pumba. Ungo wa paani hupokea tu. Katika makala hii nauliza ni nani basi anayepepeta. Jibu langu, nalitoa mapema, ni kuwa mpepetaji mkuu ni yule anayetia Kiswahili katika kinywa cha mgeni.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Tanzania Bara ilikaa zaidi ya miaka 30 baada ya Uhuru wa 1961 bila kituo chake cha televisheni. Zanzibar ilitangulia: televisheni ya rangi ilianza huko mwaka 1974, na Mzee Abeid Amani Karume, ambaye wazo lilikuwa lake, hakuiona, kwani aliuawa Aprili 1972. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa na uwezo walisimamisha antena ndefu kuelekea Unguja, wakapokea picha kutoka ng'ambo ya bahari. Ifahamike kuwa hayo hayakuwa matangazo ya kigeni. Yalikuwa ya ndugu, na kwa Kiswahili. Vituo vya binafsi vya Bara, kama ITV na DTV, vilikuja mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata baadaye. Kwa hiyo sauti ya kwanza iliyoingia sebuleni kutoka mbali ilizungumza lugha ya mwenye sebule. Ugeni wa lugha ulikuja baadaye, pamoja na ungo.

Kisha kikaja king'amuzi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na nyumba isiyokuwa na king'amuzi ikabaki na kioo kitupu. Aliyelitunga neno hili alikuwa na sikio zuri, maana kung'amua ni kutambua jambo lililofichika. Hata hivyo neno limekisifu chombo kupita kazi yake. Chombo hufungua tu kilichofungwa, tena kwa malipo ya kila mwezi kwa yale matangazo ya kulipia. Mwezi Agosti 2018 makampuni kadhaa ya kulipia yalilazimika kuondoa chaneli za bure za hapa nchini, kwa kuwa leseni zao hazikuyaruhusu kuzibeba. Zilirejea baadaye, lakini kwa muda nyumba yenye ungo iliweza kuona mpira wa Ulaya na isiione taarifa ya habari ya kituo kilichoko mtaa wa pili.

Wako waalimu wanaodai kwamba dawa ni kuuteremsha ungo. Siungi mkono rai hiyo. Mwalimu Nyerere, alipotangaza mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikataa katika hotuba ile ile kwamba kujifunza kwa wengine ni kuacha cha kwetu. Swali la haki ni jinsi ya kupokea, na hapo mifano miwili yatosha.

Mfano wa kwanza ni tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na wakwe zake, iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili. Ilipata bahati ya pekee: tarehe 25 Machi 2013 Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake kwenye Ukumbi wa Kimataifa wa Mikutano wa Julius Nyerere, ulioko Mtaa wa Shaaban Robert, hatua chache tu kutoka Kivukoni. Sababu za kidiplomasia zajulikana. Mimi natazama fani. Bibi harusi wa Kichina humwita mama wa mumewe «mama», na Mswahili naye hufanya hivyo hivyo. Mwingereza hana desturi iliyo thabiti namna hiyo. Maana yake ni kuwa ugomvi wa mkwe na mkaza mwana ulivuka kutoka Beijing hadi Buguruni bila kupoteza uzito, kwa sababu heshima na chuki vinakaa ndani ya neno moja katika lugha zote mbili. Kama tamthilia hiyo ingetufikia kwa Kiingereza, tungeona visa na tusingesikia kidonda.

Mfano wa pili ni Sultan, tamthilia ya Kituruki iliyoonyeshwa na Azam katika miaka ya 2010, inayohusu kasri la Sultani Suleiman aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566. Hapa Kiswahili kilikuta jamaa zake. Waziri, askari, kadhi, habari, dunia, kitabu: maneno haya, ambayo asili yake ni Kiarabu, Waturuki wanayo nao kwa matamshi yao. Lakini ukaribu huu una mtego. Neno «sultani» katika pwani yetu si neno la hadithi tu. Sultani wa mwisho wa Zanzibar alipinduliwa Januari 1964, na televisheni ya kwanza ya visiwa hivyo ilijengwa na serikali ya mapinduzi hayo. Miaka 50 baadaye watu wa Kariakoo wakawahi nyumbani ili wasikose mambo ya sultani mwingine, wakimhurumia kwa machozi. Sisemi walikosea kumhurumia. Nasema kwamba tafsiri laini mno ilimfanya mfalme yule aonekane wa kwetu, na vijakazi wa kasri waonekane wageni waalikwa.

Na hilo ndilo kosa kubwa la tafsiri nyingi za namna hii: wote huzungumza Kiswahili kimoja. Kijakazi, waziri, mzee na mtoto hutumia sentensi sanifu zenye urefu mmoja, kana kwamba wote wamesoma darasa moja. Kiswahili sanifu ni mali yetu, lakini fani ya tamthilia hudai matabaka yasikike. Mtumwa hamwambii bwana wake «nimekuelewa» kama karani anayejibu barua.

Linganisha na kazi ya Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilichezwa katika mabanda ya video ya jiji hili. Yeye hakuigiza sauti za wahusika. Alisimulia filamu nzima peke yake, akaeleza, akakejeli, akaongeza ya kwake. Kwa kipimo cha uaminifu alikuwa mfasiri mbaya, kwani alichosema mara nyingi hakikusemwa na mhusika. Kwa kipimo cha mtambaji alikuwa hodari: mtazamaji alijua wakati wote kuwa hadithi ni ya mgeni na kwamba aliyeileta ni mwenyeji. Tafsiri za kisasa zimepata usahihi ambao Lufufu hakuwa nao, zikampoteza mwenyeji.

Jambo hili laweza kupimwa darasani bila gharama. Mwalimu wa kidato cha tatu awape wanafunzi wake sehemu moja ya tamthilia yoyote ya kigeni iliyotiwa Kiswahili, wasikilize huku wakiandika nani anamwamkia nani, kwa shikamoo au kwa habari, na nani haamkii kabisa. Kisha waandike upya mazungumzo ya dakika mbili, kijakazi na bwana wake, jinsi yanavyopaswa kusikika.