Nuru Ni Karatasi

Kwenye arobaini ya bibi wa jamaa yangu, sebuleni palitundikwa picha yake ya rangi za maji. Ya kwanza, aliyoichora mjukuu, ilionekana haikufanana, basi akalipwa fundi aichore upya. Kila aliyeingia aliisifu: "Utadhani imepigwa kwa kamera!" Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Ila ile ni kazi mbovu, na ya mjukuu, pua kupinda na yote, ilikuwa bora.

Picha ya pili huanzia kwenye karatasi mpya. Hilo halina mjadala. Anayesugua ya zamani kwa sponji huamsha nyuzi, na rangi inayofuata hunasa humo madoa madoa. Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Rangi ya ngozi ichanganywe kwa kahawia ya sienna ya kuchomwa na buluu ya ultramarini. Anayefungua tyubu ya rangi nyeusi asichore sura ya mtu mweusi.

Wasichokitazama watu ni weupe. Ipeleke picha dirishani, uiinamishe mwanga uipitie kwa ubavu, kisha tazama ile nukta inayong'aa jichoni. Ikiwa fundi aliiacha tangu mwanzo, utaona chembechembe za karatasi yenyewe. Upande mmoja ukingo ni mkali, upande wa pili umeyeyukia kwenye kahawia ya jicho. Ikiwa aliidonoa mwishoni kwa rangi nyeupe, imekaa juu juu kama chokaa, haina uhai. Bibi yule alidonolewa mbili, sawasawa, katikati kabisa ya kila jicho. Macho yako wazi, hayamwoni mtu. Na kwenye paji la uso, penye mng'ao wa dirisha, palitakiwa tabaka moja tu la samawati hafifu, likauke, lisiguswe tena. Fundi amepaka weupe.

Mtaniambia mchoraji Sargent alitumia rangi nyeupe nzito. Alitumia, naye alijua pa kuiweka. Na Turner, mchoraji mwingine, alifuga ukucha wa kidole gumba ili akwangue rangi, karatasi itokeze. Mzee aliyenifundisha alimchora mama yake mara nyingi, na kila aliporudia alipaka kidogo zaidi ya alivyopaka kabla. Katika ya mwisho kilemba chote ni karatasi tupu na kivuli kimoja chini ya ukunjo. Anayerudia sura anajua pa kuacha kabla brashi haijalowa. Vinginevyo ya nini kurudia?

Siku za mzee huyo mtu alikaa kitini akachorwa, chai ikapoa. Leo wapo wanaochapisha picha ya simu kwa wino hafifu na kuipaka rangi juu. Utawakamata kwenye kingo: kola imekatwa kwa ukali uleule wa pua, nywele kwa ukali wa sikio. Kabla hujalipa, mwombe fundi karatasi ya majaribio, ile iliyojaa michirizi ya kahawia na buluu. Akisema ameitupa, usitoe hela.