Sheria ya Msituni na Mtu wa Kijijini

Miongoni mwa vitabu vya watoto vinavyosimulia habari za wanyama wa mwituni, vichache vimesomwa sana kama The Jungle Book cha Rudyard Kipling, kilichotolewa mwaka 1894 na kufuatwa na cha pili mwaka 1895. Mandhari yake ni vilima vya Seoni, katikati ya Bara Hindi, na mhusika wake mkuu ni Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwa-mwitu.

Kitabu hiki husifiwa kwa kuwa wanyama wake wana adabu. Sifa hiyo ni ya haki: dubu Baloo ni mwalimu, na mbwa-mwitu huamua mambo yao barazani. Lakini na tuwatazame binadamu. Wanakijiji wanamfukuza Mowgli kwa mawe mara baada ya kumwua chui-milia Shere Khan. Mwindaji Buldeo anaitamani ngozi apate zawadi ya rupia 100. Messua, aliyempokea kijana kama mwanawe, anafungwa kamba pamoja na mumewe kwa shutuma za uchawi. Hatimaye tembo Hathi na wanawe watatu wanakibomoa kijiji, na msomaji anatazamiwa kushangilia. Mkulima aliyepoteza shamba na ghala hana msemaji.

Ni nani, basi, binadamu anayestahili heshima? Hadithi ya "In the Rukh", iliyotangulia mwaka 1893, yatujibu: Mowgli, sasa mtu mzima, anaajiriwa kuwa mlinzi wa msitu katika serikali ya Waingereza. Sheria ya msituni, ambayo kiini chake ni utii, imemkabidhi kwa bwana mwingine.

Sungura wa ngano zetu ni wa namna nyingine. Yeye mwenyewe ndiye binadamu: mnyonge amshindaye fisi na simba kwa akili, naye pia hushindwa na kobe anapojivuna. Mtoto amchekapo sungura hujicheka mwenyewe. Hamdharau jirani yake.

Hatusemi kitabu kitupwe, la hasha. Kipling ni msimulizi hodari. Twasema kisisomwe peke yake. Mwalimu awatake wanafunzi wausimulie usiku ule wa tembo kwa kinywa cha mkulima. Wale wanaokaa kandokando ya misitu wanajua vema maana ya tembo kuingia shambani. Insha zao zitamwambia mwalimu jambo ambalo kitabu kimelinyamazia.