Upweke Bila Faragha: Msafiri wa Pekee wa Kezilahabi Akisomwa kutoka Dzaleka

Uhakiki wa riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), umezoea kuanzia mahali pamoja: mtu asiye na jina anatembea peke yake katika nchi iliyobaki mahame, akitafuta kiini cha mambo. Katika Nagona anamfuata paa asiyeshikika hadi kwenye Ngoma Kuu. Katika Mzingile amebeba habari ya kifo kwa mzee anayeishi mbali na watu. Wahakiki, K. W. Wamitila akiwa miongoni mwa wa mwanzo, wamezisoma kwa jicho la metafizikia, na usomaji huo umezaa matunda. Hata hivyo, umeifanya safari yenyewe kuwa istiara tupu. Miguu ya msimulizi imesahaulika. Makala haya yanahoji sharti ambalo usomaji huo haulitaji: ili mtu aende akaamke kiroho nyikani, lazima kwanza aruhusiwe kuondoka alipo.

Sharti hilo halionekani kwa urahisi Dar es Salaam wala Nairobi. Linaonekana Dzaleka, wilayani Dowa, takribani kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Sasa inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni lugha yao ya soko, ya ibada na ya ugomvi wa majirani. Kwa hiyo wao ni wasomaji halali wa fasihi ya Kiswahili, ingawa taaluma haijawahesabu sana. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, ilijivua wajibu katika vifungu kadhaa, kikiwemo kifungu cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuuza mijini warejee kambini. Madisi, mji mdogo ulio kando ya barabara ya M1, umo katika wilaya ileile ya Dowa. Mkimbizi aendaye huko havuki mpaka wowote wa nchi, lakini mbele ya sheria safari yake inahitaji kibali.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Neno mkimbizi limetokana na kitenzi -kimbia. Humtaja mtu kwa mwendo wake. Sheria imemchukua mtu huyo wa mwendo ikamfafanua kwa mahali anapotakiwa kukaa. Jina la kambi nalo lina historia yake. Katika Kichewa, -leka ni kuacha, na -dza- huashiria wakati ujao. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Kamuzu Banda, na jina hilo hufasiriwa kuwa ahadi ya mfungwa kwamba hatarudia tena. Ni vigumu kupata mahali pasipofaa zaidi kwa falsafa ya kutangatanga.

Hoja nzito zaidi iko katika maneno mawili ambayo uhakiki huyachanganya. Upweke ni hali ya kukosa wenzako. Faragha ni nafasi ya kuwa peke yako kwa hiari, ukijua kwamba mlango wa kurudi kwa watu uko wazi. Msimulizi wa Nagona huitwa mpweke katika tahakiki nyingi, lakini alicho nacho kwa wingi ni faragha: hakuna anayemdai kitambulisho, hakuna foleni, hakuna anayesikiliza nyuma ya ukuta. Kambini hali imegeuzwa. Watu zaidi ya 50,000 wanaishi bega kwa bega katika eneo lililokusudiwa wachache, nyumba za matofali ya udongo zikipakana, na bado mjane aliyepoteza jamaa zake wote njiani ni mpweke kuliko msimulizi yeyote wa Kezilahabi. Ana upweke, hana faragha. Falsafa ya udhanaishi, kama inavyofundishwa katika vyuo vyetu, haina jina la hali hiyo.

Mazingira ya riwaya nayo husomeka upya. Kwa mhakiki wa chuoni, mahame ni taswira ya utupu wa maana. Kwa msomaji aliyetoka Kivu, mahame ni kijiji alichokiacha, chenye vyungu jikoni. Pori, ambalo katika usomaji wa kimetafizikia ni uwanja wa ufunuo, kwake ni mahali alipojificha akimziba mtoto mdomo asilie. Na sasa ni mahali pa kutafuta kuni. Haimaanishi kwamba msomaji huyo hawezi kuona mkono wa Mungu katika mti. Anaweza, lakini mti huo una kumbukumbu nyingine kabla ya hiyo.

Hapa linazuka pingamizi lenye uzito. Mapokeo ya dini ambayo Waswahili wanayajua hayamtenganishi mkimbizi na ufunuo. Musa alikuwa amemtoroka Farao alipokiona kijiti kikiwaka. Eliya alikuwa anakimbia kifo alipofika Horebu. Hajara alikimbia baina ya Safa na Marwa hana mtu wala maji, na mamilioni ya mahujaji hurudia hatua zake hadi leo. Je, si kweli basi kwamba kukimbia kwenyewe ndiyo safari ya kiroho? Ni kweli kwa kadiri ya anayeisimulia mwenyewe. Mhakiki anayemwambia mkimbizi kwamba mateso yake yalikuwa mwamko anamnyang'anya haki ya kuyaita mateso. Tena visa vyote vitatu vina jambo moja ambalo Dzaleka haina: baada ya ufunuo, njia ilifunguka. Musa alirudi Misri, Eliya aliambiwa aende Dameski, Hajara alibaki kwenye kisima kilichogeuka mji. Hakuna aliyebaki nyikani akisubiri muhuri.

Kwa washauri wa sera, suala hili si la fasihi peke yake. Mjadala wa uhuru wa kutembea nchini Malawi huendeshwa karibu wote kwa lugha ya riziki: masoko, ajira, kodi. Ni lugha ya lazima, na wanaoitumia wana sababu. Lakini kibali huombwa kwa sababu inayoweza kuandikwa katika fomu, kama matibabu au masomo. Wakristo wengi wa Kivu wamelelewa katika desturi ya kupanda mlima kuomba na kufunga. Waislamu wanaijua khalwa. Mtu anayetaka siku tatu za kunyamaza mlimani ataandika nini katika fomu hiyo?

Kuna mwendo mmoja unaoruhusiwa bila taabu, nao ni wa kuingia. Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa mwaka 2014 na mshairi Mkongomani Menes la Plume, huwaleta kambini wageni kutoka Lilongwe na ng'ambo, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi. Ni kazi ya heshima. Imewafanya Wamalawi wengi waione Dzaleka kwa macho yao. Wageni wengine husema wameondoka wakiwa watu wapya. Wenyeji wao huwasindikiza hadi barabarani.