Fort Jesus: Jela Haikupaswa Kubomolewa

Kosa kubwa la Fort Jesus si la Wareno wala Waomani. Lilifanyika kuanzia 1958, jela ilipofungwa na ngome ikaanza kutayarishwa kuwa makumbusho. Majengo ya wafungwa yaliondolewa ili Ureno ya karne ya 16 ionekane vizuri.

Waingereza waliifanya ngome hii jela tangu 1895. Hiyo ni miaka 63, na ndiyo tabaka la juu kabisa. Kila mchimbaji wa akiolojia anajua kuwa tabaka la juu ndilo hutangulia kuondoka na halirudishiki, kwa hiyo huamuliwa mapema lipi libaki. Hapa uamuzi ulielemea upande mmoja. Fedha zilitoka Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon. Kenya ilikuwa bado katika hali ya hatari, na sioni serikali ya kikoloni ingetakaje watalii wapitishwe kwenye vyumba ilimofungia watu.

Tazameni ule ukuta wa michoro. Wareno walichora meli zao kwa mkaa na udongo mwekundu, na plasta yake imetunzwa kama mboni ya jicho. Sawa kabisa. Lakini kama yuko mfungwa aliyekwaruza jina lake ukutani, ukuta wake ulizolewa pamoja na kifusi.

Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba kwa ustadi, na makumbusho yakafunguliwa 1960.

Waomani walikuwa na kila sababu ya kuchukia mawe yale. Waliizingira ngome karibu miaka mitatu hadi ikaanguka Desemba 1698. Hata hivyo hawakuifuta. Nyumba yao ingali juu ya buruji ya San Filipe, na chini yake mistari ya Cairati, Mtaliano aliyeisanifu, inasomeka bado. Hao walijua kuongeza bila kufuta.

Leo waongozaji wanaanza na hadithi kwamba ngome ikitazamwa kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala, umbo ambalo aliye chini haoni, wakati dakika hizohizo zingetosha kuieleza jela penyewe ilipokuwa.

Uwanja wa ndani una nafasi. Vyumba vya wafungwa vichorewe mistari ya chokaa chini, kila kimoja mahali pake, na mgeni apitishwe hapo kabla ya kuonyeshwa mizinga.