Mawakili Waliokubali Kuhojiwa

Wakili amezoea kuhoji wengine. Mwaka 2015 mawakili wa kampuni ya Bates Wells, jijini London, waliketi upande wa pili wa meza. Waliulizwa wanawalipaje wafanyakazi wao, umeme wanautumiaje, bidhaa wananunua kwa nani, na jamii inafaidi nini. Cheti walichokiomba, B Corp cha shirika la B Lab lililoanzia Marekani, kilidai angalau alama 80 kati ya 200. Wakavuka, na kuwa kampuni ya kwanza ya mawakili Uingereza kukipata.

Hawakukurupuka. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Andrew Phillips mwaka 1970, ilijijengea jina kwa kuhudumia mashirika ya hisani. Phillips mwenyewe alifafanua sheria redioni BBC, kwa lugha inayoeleweka na mama aliye jikoni.

Pongezi kubwa zaidi anastahili mwenzake, marehemu Stephen Lloyd. Akishirikiana na Roger Warren Evans, alibuni aina mpya ya kampuni: inafanya biashara na kupata faida, lakini sheria inaifunga mali yake ibaki kwa manufaa ya jamii. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria hiyo mwaka 2004, na usajili ukaanza 2005.

Leo Uingereza ina maelfu ya kampuni za namna hiyo. Bates Wells nayo bado inatoza ada, inalipa mishahara na kushindania wateja kama ofisi nyingine yoyote ya mawakili.